Uso Usiocheka: Buster Keaton na Kazi ya Kuanguka

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi jioni mbele ya vijana wa maigizo na vichekesho, kabla hatujatazama filamu pamoja. Naiweka yote kama nilivyoisema, kwa ajili ya wale waliokosa kufika.

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu wa jukwaa mlioketi pale mbele, shikamooni. Ndugu zangu, na ninyi wanangu mlioanza juzijuzi kupanda jukwaani, karibuni sana.

Naanza na neno moja. Chale. Mtoto akivaa suruali ya baba yake, akatembea nayo sebuleni huku inamburuta, watu wakashika mbavu, bibi yake atasema nini? Atasema, "Huyu naye chale kweli." Neno limo kwenye kamusi. Mimi wazee wangu waliniambia limetokana na Charlie Chaplin, yule wa kofia ya duara na bakora. Hebu lifikirieni jambo hilo. Mtu wa London anaingia kwenye Kiswahili cha bibi zetu bila kutamka neno hata moja, kwa sababu filamu zilizomjengea jina hazikuwa na sauti!

Lakini leo sikuja kumzungumzia Chaplin. Nimekuja kumzungumzia mwenzake wa zama zilezile, ambaye Kiswahili hakikumpa neno, na mimi kwa miaka mingi nimekuwa nikisema kwamba tunamdai shukrani. Anaitwa Buster Keaton. Nani kati yenu anamjua? Nyosheni mikono. Naona mikono minne. Haya, tutatoka hapa tukiwa wengi zaidi.

Alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1895, katika kijiji cha Piqua, jimbo la Kansas, Marekani. Wazazi wake hawakuwa wenyeji wa Piqua. Walikuwa wanapita tu. Baba yake, Joe, na mama yake, Myra, walikuwa wasanii wa onyesho la wauza dawa. Ninyi mnawajua wauza dawa wa stendi: kwanza anatoa nyoka, anatoa mazingaombwe, anasimulia kisa, na watu wakishajaa ndipo chupa inatoka kwenye begi. Ndiyo kazi iliyomlisha mtoto huyu akiwa tumboni.

Baadaye wazazi wale wakapanda daraja, wakaingia vaudeville. Vaudeville lilikuwa onyesho la mchanganyiko. Kabla ya redio, kabla sinema haijatamba, Mmarekani alikata tiketi moja akaona mwimbaji, mtu wa mazingaombwe, mbwa waliofundishwa, wanasarakasi, kisha mchekeshaji. Kila kundi lina dakika zake. Zikiisha, shuka. Kesho treni, mji mwingine, hadhira nyingine isiyokujua wala isiyo na deni na wewe.

Buster aliingizwa kwenye onyesho la wazazi wake akiwa bado mtoto mdogo kabisa, na kundi likaitwa The Three Keatons. Mchezo wao ulikuwaje? Mtoto anamchokoza baba, baba anamrusha. Basi. Anamrusha ukutani, anamrusha nyuma ya mapazia, anapiga naye deki jukwaa. Mgongoni mwa nguo yake walimshonea mshikio wa begi la safari, ili baba apate pa kukamata. Naomba muuone mshikio huo kwa macho yenu. Mshikio wa begi, mgongoni mwa mtoto.

Je, nawaambia mkawatupe watoto wenu? Hapana, na hapana tena. Huko New York walikuwapo watu wa chama cha kutetea watoto waliolifuatilia kundi hilo miaka na miaka, wakalizuia lisicheze mjini humo, na mimi nikisoma habari zile moyo wangu uko upande wao. Keaton mwenyewe hadi uzeeni alimtetea baba yake. Alisema wakubwa walimvua nguo wakatafuta alama za kipigo wasizione, kwa sababu alikuwa amejifunza kuanguka. Kila mmoja aamue moyoni mwake. Ninachotaka mkishike ni kile alichojifunza kutokana na hali hiyo, kwa sababu aliishi nacho miaka sabini.

Alijifunza mambo mawili. La kwanza, kuanguka ni ufundi. Unajua ni msuli gani unaulegeza, mkono upi unatangulia, pumzi unaitoa lini. La pili, na hili ndilo lililomfanya awe Keaton: aligundua kwamba akicheka yeye, watu wanapunguza kucheka. Akirushwa akainuka na uso mkavu, kama mtu aliyekuwa anawaza bei ya mkate, ukumbi unavunjika. Baba yake akawa anamkumbusha chini kwa chini, katikati ya mchezo: "Uso! Uso!" Yaani, rudisha uso wako. Ndiyo maana baadaye Wamarekani walimwita Uso wa Jiwe.

Wanangu, ni mara ngapi tunapanda jukwaani, tunatoa kichekesho, tunakicheka sisi wenyewe kabla hadhira haijapata nafasi? Ni mara ngapi? Keaton alikuwa na miaka saba au minane alipokwisha kulielewa jambo ambalo wengine tunalisomea hadi mvi.

Ufundi ule ulikuwa na bei. Joe alikuwa mlevi, na ulevi ukazidi. Mchezo wa kurushana unategemea sekunde, na mlevi hana sekunde. Mwanzoni mwa 1917 Buster na mama yake wakamwacha Joe, kundi likafa. Kijana akaenda New York, akapata mkataba wa kuigiza Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za mji huo, kwa dola 250 kwa wiki. Pesa nzuri mno kwa zama zile.

Ndipo akakutana na Roscoe Arbuckle, mchekeshaji mnene aliyekuwa staa wa filamu. Arbuckle akamkaribisha studio aje aone. Na Keaton, badala ya kuwatazama waigizaji, akaitazama kamera. Alisimulia mwenyewe kwamba aliomba kuondoka nayo, akakesha nayo chumbani, akaifungua vipande vipande, akaona filamu inapita wapi, meno yanaishika vipi, mwanga unaingiaje. Asubuhi akairudisha ikiwa nzima. Kisha akauvunja mkataba wa Broadway. Akaacha dola 250 kwa wiki, akaenda kuchukua dola 40 kwa wiki.

Dola arobaini! Nani hapa angefanya hivyo? Mke nyumbani angekuelewa? Lakini yeye alikuwa ameona kitu. Jukwaani, mtu wa kiti cha nyuma haoni jicho lako, na nyumba haiwezi kukimbia. Kwenye kamera nyumba inaweza kukimbia.

Filamu yake ya kwanza, The Butcher Boy, ilitoka mwaka huohuo wa 1917. Mnamo 1918 aliitwa jeshini, akapelekwa Ufaransa, akarudi sikio lake limeharibika, na usikivu wake haukukaa sawa tena. Kisha mwaka 1920 mfadhili wake, Joseph Schenck, akampa studio yake mwenyewe. Hapo ndipo ilipoanza miaka minane ambayo mimi naiweka juu ya kila kitu katika historia ya vichekesho.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye nyama.

Mwaka 1924 alitengeneza filamu iitwayo Sherlock Jr. Anaigiza kijana mwendesha projekta. Kijana anasinzia kazini, roho yake inatoka, inatembea kati ya viti vya watazamaji, inapanda na kuingia ndani ya pazia la sinema. Humo ndani picha zinambadilikia. Anataka kuketi kwenye benchi la bustani, bustani inageuka barabara, anadondoka chini kati ya magari. Anatembea, barabara inageuka jabali. Anajirusha baharini kutoka kwenye mwamba, anatua kwenye theluji. Na mwili wake haupotezi hata hatua moja kati ya mahali na mahali.

Alifanyaje, na mwaka ule hapakuwa na kompyuta? Alitumia vifaa vya wapima ardhi. Kila walipohamisha kamera walipima umbali kati yake na lenzi, na mahali aliposimama, hadi inchi. Watu waliona ndoto, naye alikuwa na futi mkononi.

Katika filamu hiyohiyo kuna pahali anakimbia juu ya mabehewa, anaikamata kamba ya tangi la maji la reli, maji yanamshukia kwa nguvu na kumbwaga chini. Kisogo chake kikagonga reli. Kichwa kilimuuma siku kadhaa, akaendelea na kazi. Miaka mingi baadaye daktari alimpiga picha ya eksirei kwa shida nyingine, akamuuliza, shingo hii uliivunja lini? Hakuwa anajua kwamba aliwahi kuvunjika shingo. Anguko lile limo kwenye filamu. Unaitazama, unacheka, na mtu pale anavunjika shingo kwa kweli.

Mwaka 1926 alikwenda Cottage Grove, jimbo la Oregon, kutengeneza The General, habari ya dereva wa garimoshi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Alikwenda huko kwa sababu kulikuwa na reli za zamani. Alichukua garimoshi la kweli, akalipitisha juu ya daraja linaloungua, likatumbukia mtoni. Shoti hiyo moja inatajwa kugharimu dola 42,000, na watu wa vijiji vya jirani walikuja kwa maelfu kutazama. Lakini mimi siyo hiyo inayoniondolea usingizi. Iko nyingine, ndogo, isiyo na moshi wala kishindo. Kijana amekataliwa na mchumba. Anakwenda, anaketi kwa huzuni juu ya kile chuma kirefu kinachounganisha magurudumu ya garimoshi. Garimoshi linaanza kuondoka polepole. Chuma kinampandisha, kinamshusha, kinampandisha, kinamshusha, naye amezama mawazoni hajui. Anakuja kushtuka anapoingizwa ndani ya banda. Fundi wa garimoshi alikuwa ameonya kwamba mvuke ukizidi kidogo tu, magurudumu yatazunguka kwa kasi, na huyo mtu atakufa. Huzuni ya mapenzi, na mauti imekaa naye kwenye kiti kimoja, na uso wake mkavu. Nimeitazama shoti hiyo mara ambazo siwezi kuzihesabu, na kila mara koo linanikaza.

Kisha ikaja nyumba.

Filamu ni Steamboat Bill, Jr., ya mwaka 1928, iliyopigwa kando ya mto huko Sacramento. Kimbunga kinavuma. Keaton amesimama mbele ya nyumba ya ghorofa, anapangusa shingo, hajui kinachoendelea. Nyuma yake ukuta wote wa mbele unang'oka na kumwangukia, mzima mzima. Uzito wake karibu tani mbili. Naye hasogei. Pale aliposimama ndipo linapotua dirisha la juu, lililo wazi, na dirisha linampitia mwilini kama fulana. Nafasi kati ya mwili wake na fremu ilikuwa inchi chache tu kila upande. Inasimuliwa kwamba baadhi ya watu wa kamera waligeuza nyuso zao pembeni wasione. Hakukuwa na kurudia. Ukuta ni mmoja, mtu ni mmoja.

Mnaona? Hatari ile ilikuwa hesabu. Alijua visigino vyake viko wapi. Alijua bawaba za ukuta ziko wapi. Wapo watu mitaani kwetu wanaodhani mchekeshaji ni mtu aliyekosa kazi, akajiachia tu. Waonyesheni ukuta ule.

Ndugu zangu, sasa nakuja kwenye sehemu ngumu, na naomba msamaha kama sauti yangu itabadilika.

Mwaka huohuo wa 1928 Schenck alimshauri Keaton aiache studio ndogo ahamie kampuni kubwa ya filamu ya MGM. Chaplin alimwambia usiende. Harold Lloyd, mchekeshaji mwingine mkubwa wa zama zile, naye alimwambia usiende. Keaton alikuwa fundi wa kila kitu isipokuwa karatasi. Studio iliyobeba jina lake haikuwa mali yake. Akasaini. Baadaye alisema hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote maishani mwake.

Nini kilitokea? Mtu aliyezoea kuanza filamu bila maandishi, akiwa na mwanzo na mwisho tu kichwani, akapewa kitabu cha kurasa nyingi kilichoandikwa na watu wengine. Mtu aliyezoea kusimamisha kazi alasiri ili wacheze besiboli hadi wazo lije, akapewa ratiba. Akakatazwa kuruka na kuanguka mwenyewe. Sauti ilipoingia, akapewa vichekesho vya maneno ambavyo havikuwa vyake. Kwa kuwa hapakuwa na kuweka sauti za lugha nyingine kama leo, ilibidi baadhi ya filamu aziigize tena, nyingine kwa Kihispania, nyingine kwa Kifaransa na Kijerumani, akitamka maneno ya lugha asizozijua.

Na filamu zile ziliingiza pesa! Hapo ndipo panapouma. Ziliingiza kuliko The General, ambayo ilipotoka haikupokewa vizuri. Kwa hiyo wakubwa walikuwa na hoja mezani, kwamba unaona, tuko sahihi. Utamjibu nini mtu mwenye daftari la mauzo?

Akanywa. Mtoto wa mlevi, akawa mlevi. Mwaka 1932 mkewe, Natalie Talmadge, akaachana naye, na watoto wao wawili wa kiume wakabadilishiwa jina la ukoo. Mapema 1933 kampuni ikamfukuza. Alikuwa akilipwa dola 3,000 kwa wiki, na miaka minne baadaye alirudi kwenye kampuni ileile kwa dola 100 kwa wiki, kuwatungia vichekesho waigizaji wengine.

Mimi mwenyewe niliwahi kusaini karatasi nikiwa kijana, chumba kidogo, watu wawili wenye haraka, kalamu imeshafunguliwa. Nilisoma ukurasa wa kwanza tu. Mchezo nilioutunga kwa miezi minane ukauzwa, na sikuweza kuucheza tena popote kwa jina langu. Sitaji mtu wala kampuni. Nataja ili mjue kwamba ninapomsoma Keaton wa mwaka 1928, sisomi habari za Marekani. Naiona ile kalamu. Kwa hiyo nawaomba, nawaomba kweli, mkipewa karatasi ondokeni nayo mkalale nayo. Kamera aliilalia usiku mzima akaifungua hadi msumari wa mwisho. Laiti angeufungua na mkataba vilevile!

Wengi wangeishia hapo, wakafa mapema, tukasema maskini. Yeye hakufa.

Mwaka 1940 alimwoa Eleanor Norris, mcheza dansi wa MGM, aliyefika nyumbani kwake kujifunza kucheza karata za briji. Yeye Keaton alikuwa na miaka 44, binti 21, na watu walimkataza. Waliishi pamoja hadi kifo kilipowatenganisha, na yule mama kwa miaka yake yote iliyobaki alikwenda huku na huko kuhakikisha filamu za mumewe zinatazamwa. Mama huyo anastahili hotuba yake peke yake.

Mwaka 1947 Keaton akaenda Paris kucheza kwenye sarakasi ya Medrano. Tazameni alikorudi: jukwaani, mwili wake na hadhira, kama mtoto wa vaudeville. Wafaransa wakamshangilia. Televisheni ilipoingia, akakuta inataka kilekile alichokijua tangu utotoni, dakika chache, kamera moja, mtu anaanguka. Mwaka 1952 alitokea na Chaplin katika Limelight, wazee wawili kwenye jukwaa moja, mara ya pekee kwenye filamu waliyoigiza pamoja. Katika miaka hiyohiyo mwigizaji James Mason, aliyekuwa amenunua jumba la zamani la Keaton huko Beverly Hills, alikuta ndani yake filamu zilizofichwa. Filamu za zama zile zilitengenezwa kwa naitreti, huoza na kuwaka moto. Zingekaa zaidi zingekuwa vumbi. Zikanakiliwa, zikapona. Ndiyo maana leo tuna cha kutazama.

Mwaka 1960 alipewa tuzo ya heshima ya Oscar. Mwaka 1965, kwenye tamasha la filamu la Venice, ukumbi mzima ulisimama na kumpigia makofi, wala hawakutaka kuacha. Alikuwa na miaka 69, saratani ya mapafu ikiwa tayari mwilini. Alifariki nyumbani kwake Woodland Hills tarehe 1 Februari 1966. Mwaka wake wa mwisho aliendelea kufanya kazi, na bado alikuwa anakimbia mbele ya kamera.

Haya, nimesema sana, na filamu inasubiri. Ni One Week, ya mwaka 1920, haifiki nusu saa. Bwana na bibi harusi wamezawadiwa nyumba iliyofungashwa kwenye masanduku, kila sanduku lina namba yake, waiunganishe wenyewe. Mtu aliyemkosa yule binti anazifuta namba na kuandika nyingine. Sitawaambia zaidi.

Naomba jambo moja tu. Anapoanguka, msimtazame usoni, uso hautawaambia kitu. Mtazameni miguu, muone anaanza kujiandaa lini. Kuna pahali anatoka mlangoni, na mlango uko ghorofani. Pale, angalieni mguu wa kushoto.

Kijana wangu wa projekta, uko tayari? Zima taa hizo za nyuma kwanza.